Tidespring, Mpagazi wa Manowari

Msomaji aliyefika Dar es Salaam ameiona sanamu ya askari mwenye bunduki, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Askari yule amesimama peke yake. Wapagazi wa Kariakoo, waliobeba unga na risasi na majeruhi, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa homa na kuhara, maandishi yaliyo chini yawataja, lakini sanamu si yao. Nairobi walifanya vema zaidi, maana katika sanamu yao ya mwaka 1928 mpagazi amesimama pamoja na askari. Tumeanza na jambo hili kwa sababu habari tutakayoeleza ni ya mpagazi wa namna nyingine, mpagazi wa chuma mwenye urefu wa meta 177, aliyezifuata manowari za Waingereza baharini kwa muda wa miaka 28. Jina lake Tidespring.

Kwanza yatupasa kueleza merikebu hii ilikuwa ya nani. Watu wengi hudhani kwamba kila chombo kinachofuatana na manowari ni manowari. Sivyo. Mwaka 1905 Waingereza waliweka kundi la merikebu za kuwatumikia wanamaji wao, wakaliita Royal Fleet Auxiliary, au kwa kifupi RFA. Kazi yake ni kuchukua mafuta, chakula, risasi na vyombo vya kutengenezea, na kuvipeleka popote manowari zilipo. Mabaharia wake si askari. Ni raia, huandikwa kazi kwa mkataba kama mabaharia wa merikebu za biashara, na bendera yao si ile nyeupe ya manowari bali ni ya buluu, yenye nanga ya rangi ya dhahabu. Walakini vita ikija huenda pamoja na askari, na bomu likianguka haliulizi mtu huyu ana mkataba gani.

Mbona manowari isijichukulie mafuta yake yenyewe? Hujichukulia, lakini hayatoshi. Manowari hujengwa iwe nyepesi na ya mbio, ikajazwa mizinga na mitambo, na nafasi ya mafuta ikawa ndogo. Ikikimbia sana, baada ya siku chache yatafuta bandari. Jambo hili liliwafundisha Waingereza kwa uchungu mwezi wa Mei 1941, walipoiwinda manowari kubwa ya Wajeremani iitwayo Bismarck katika bahari ya Atlantiki. Prince of Wales ililazimika kuacha msako kwa upungufu wa mafuta. Ile King George V, iliyokuwa na mkuu wa wanamaji ndani yake, ilifika mwisho wa vita vile ikiwa na mafuta machache mno, ikageuka mara kurudi kwao. Kama Bismarck ingalipata siku moja zaidi, labda ingaliokoka, si kwa nguvu za mizinga yake, bali kwa sababu adui zake walikuwa na njaa.

Wakati ule Waingereza walikuwa nyuma katika kazi ya kutia mafuta baharini. Desturi yao ilikuwa kuifunga manowari nyuma ya tezi ya merikebu ya mafuta na kuukokota mpira majini, kazi ya polepole sana. Wamarekani walikuwa wakienda ubavu kwa ubavu. Vita ilipokwisha, Waingereza walichukua merikebu moja ya Wajeremani iliyotekwa, wakaiita Bulawayo, wakaitumia kujifunza na kujaribu njia hiyo. Katika mafunzo hayo zikazaliwa merikebu za jina la Tide, za kwanza katika miaka ya 1950. Neno hilo maana yake ni kujaa na kupwa kwa maji, na kila merikebu ya ukoo ule hubeba neno hilo mwanzoni mwa jina. Tidespring yenyewe, mtu akitaka kuiita kwa lugha ya wavuvi wetu wa pwani, hakosi sana akisema Bamvua.

Ilijengwa Hebburn, kando ya mto Tyne, kaskazini ya Uingereza, katika kiwanda cha Hawthorn Leslie. Ilishushwa majini tarehe 3 Mei 1962, ikaingia kazini mwezi wa Januari 1963. Ikiwa tupu uzito wake ulikuwa tani 8,531, na ikiisha kushehenezwa tani 27,400. Msomaji apendaye hesabu na atoe moja katika nyingine, ataona kwamba shehena yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake mwenyewe. Hakuna mpagazi wa nyama na damu awezaye hayo. Tezini ilikuwa na uwanja wa helikopta na banda la kuziweka, na jambo hilo, ambalo mwanzoni lilikuwa la msaada tu, ndilo litakaloiingiza katika habari kubwa ya maisha yake.

Kazi ya kutia mafuta baharini yastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila siku. Merikebu ya mafuta hushika njia moja iliyonyoka, na mwendo mmoja, hata isigeuke kulia wala kushoto. Manowari huja kutoka nyuma, ikajipanga ubavuni mwake, kati yao nafasi ya meta 30 au 40 tu, zote mbili zikienda. Kisha hurushwa kamba nyembamba kwa bunduki maalumu. Kwa kamba ile nyembamba huvutwa iliyo nene zaidi, na kwa ile nene huvutwa waya wa chuma, na mpira wa mafuta hufuata, umetundikwa juu ili usiguse mawimbi. Bendera nyekundu hupandishwa kuonya kwamba mafuta yapita. Hapo huanza masaa ya hatari. Maji yaliyobanwa kati ya merikebu mbili huenda mbio kuliko ya nje, nayo huzivuta zikaribiane, hata mshika usukani akisinzia nukta chache waweza kutokea msiba. Kazi hii hufanywa usiku na mchana, na mara nyingi katika bahari iliyochafuka. Na wakati huo wote hakuna chombo hata kimoja kati ya viwili kiwezacho kukimbia upesi kama adui akitokea.

Sasa twaja kwenye jambo lililotuhusu sisi Waafrika, nalo si la kujivunia kwa Waingereza. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe ili wasiwape Waafrika haki ya kutawala. Serikali ya London haikutaka kupeleka jeshi. Ilichagua kuwanyima mafuta. Bomba la mafuta lilitoka bandari ya Beira, katika Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, likapanda hata karibu na mji wa Umtali. Mwezi wa Aprili 1966 Umoja wa Mataifa uliwapa Waingereza ruhusa ya kuzizuia kwa nguvu merikebu zipelekazo mafuta Beira kwa ajili ya Rhodesia. Basi manowari zikawekwa katika mlango wa Msumbiji, zikazunguka huko mwaka baada ya mwaka hata mwezi wa Juni 1975, Msumbiji ilipopata uhuru. Katika miaka hiyo manowari 76 zilipita katika zamu ile. Mabaharia wake walikuja kupumzika Mombasa, na wazee wa Kilindini wangali wakiwakumbuka.

Manowari zile zililishwa na merikebu za RFA, na za jina la Tide zikiwamo. Tafakari, msomaji. Merikebu zilizojaa mafuta zilisafiri maelfu ya maili ili kuzilisha manowari, na manowari zile kazi yake ilikuwa kuzuia mafuta. Na huku Beira imefungwa, mafuta yaliingia Rhodesia kwa mlango mwingine, kupitia Lourenço Marques na Afrika Kusini, ambako hakuna aliyezuia. Mwaka 1978 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Thomas Bingham. Ikaonekana kwamba matawi ya makampuni ya mafuta ya Uingereza yenyewe, Shell na BP, yalikuwa katika biashara hiyo, na kwamba wakubwa wengine serikalini walipata kujua. Mabaharia waliokaa miezi katika jua lile, wakiangalia upeo wa bahari tupu, hawakuambiwa. Twaona hapa tofauti kati ya utumishi na matumizi yake. Kazi ya mpagazi yaweza kuwa safi kabisa, na safari aliyotumwa ikawa bure.

Tuliache la Beira, twende kusini. Tarehe 2 Aprili 1982 jeshi la Argentina lilivishika visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas na kusema ni vyao. Siku ya pili yake walikishika pia kisiwa cha South Georgia, kilicho mbali zaidi mashariki, nchi ya milima na barafu, isiyo na wenyeji wa kudumu, yenye vituo vikuukuu vya kuvulia nyangumi. Kutoka Uingereza hata Falkland ni kadiri ya maili 8,000. Waingereza hawakuwa na bandari katika njia yote hiyo ila kisiwa kidogo cha Ascension, katikati ya Atlantiki. Hapo ndipo wale ambao kwa kawaida hawatajwi walipogeuka kuwa watu wa lazima. Bila merikebu za mafuta hakuna manowari hata moja ambayo ingalifika, ikapigana, ikarudi.

Upungufu ulikuwa mkubwa hata twapata kisa cha kuchekesha kidogo. Ndugu wa Tidespring aitwaye Tidepool alikuwa ameuzwa kwa serikali ya Chile, akawa njiani kwenda kwa bwana wake mpya. Vita ilipotokea Waingereza walimwomba wamtumie tena kwanza, wakamrudisha katika msafara, na Chile ikampokea vita vilipokwisha. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi. Mtumishi huuzwa wakati wa amani kwa kuwa ni gharama, na siku ya shida hutafutwa kwa miguu miwili.

Tidespring alipewa kazi ya kwenda South Georgia pamoja na manowari Antrim na Plymouth, na Endurance, iliyokuwa huko kusini tangu mwanzo. Nahodha wake alikuwa Kapteni Shane Redmond. Zaidi ya mafuta, alichukua askari wa majini kadiri ya 110, kombania ya M ya kikosi cha 42 Commando, na helikopta mbili za Wessex. Kwa hiyo wengi wa askari waliotarajiwa kukitwaa kisiwa hawakuwa katika manowari yenye mizinga. Walikuwa juu ya ghala la mafuta lisilo na ngao, pamoja na mabaharia raia.

Tarehe 21 Aprili kundi dogo la askari wapelelezi lilishushwa juu ya mto wa barafu uitwao Fortuna. Helikopta tatu ziliwapeleka: moja ya Antrim, yenye mtambo wa kuona gizani, iliyoongozwa na Luteni Kamanda Ian Stanley, na zile mbili za Tidespring, zisizo na mtambo huo, zikiifuata ya kwanza kama vipofu wafuatao mkono wa aonaye. Usiku ule upepo ulivuma kwa nguvu za ajabu, ukapasua mahema. Asubuhi askari waliomba waondolewe, la sivyo wangekufa kwa baridi. Helikopta zikarudi. Ya kwanza ya Tidespring iliporuka, theluji ilifunika macho ya rubani asijue mbingu ni ipi na ardhi ni ipi, ikaanguka. Watu wake wakagawanywa katika zile mbili zilizobaki. Ya pili ya Tidespring nayo ikaanguka. Wala hakufa mtu. Stanley aliwapeleka aliowachukua hata Antrim, akarudi tena baadaye siku ileile, akawakuta waliobaki, akawapakia wote katika helikopta yake moja, wakiwa wamesongamana kupita kiasi, akawafikisha salama. Alipewa nishani ya heshima kubwa, na aliistahili. Lakini ndege mbili za Tidespring zilibaki juu ya barafu.

Ndipo ikaja habari ya nyambizi ya Waargentina iliyoitwa Santa Fe. Merikebu ya mafuta mbele ya nyambizi ni kama ng'ombe mnene mbele ya simba. Tena ilikuwa na askari ndani. Basi Tidespring iliamriwa iende mbali, hata ikawa karibu maili 200 kutoka kisiwani. Tarehe 25 Aprili helikopta za Waingereza ziliikuta Santa Fe ikienda juu ya maji, zikaipiga hata ikajikokota mpaka gati la Grytviken, imeharibika. Wakubwa waliona kwamba wakati ni huo, adui angali ameshtuka, lakini kombania yenyewe ilikuwa mbali juu ya Tidespring, haiwezi kufika kwa wakati. Wakakusanya kadiri ya watu 75 kutoka manowari zao, hawa askari wa majini, hawa wapelelezi, wakawaweka chini ya Meja Guy Sheridan. Antrim na Plymouth zikapiga mizinga kuzunguka mahali pale ili kuwaonyesha adui nguvu zao bila kuwaua, na kabla ya jioni bendera nyeupe zilipandishwa. Kituo cha Leith kilijisalimisha siku ya pili.

Wengine wameandika habari hii wakaiacha Tidespring pale mbali baharini, kana kwamba haikuwa na sehemu. Sisi twaona si haki. Manowari zile zilifika South Georgia, na zilikaa huko siku zile, kwa mafuta yaliyotoka tumboni mwake. Na kukaa mbali unapoamriwa kukaa mbali, na huku watu uliowabeba wana hamu ya kupigana, ni kazi nayo.

Siku ya tarehe 26 lilitokea jambo la huzuni. Walipokuwa wakiihamisha Santa Fe, baharia wa Argentina aitwaye Félix Artuso, aliyekuwa mateka akisaidia kazi ndani ya nyambizi, alipigwa risasi na askari wa Kiingereza aliyedhani kwamba ataka kuizamisha. Haikuwa hivyo. Alizikwa Grytviken kwa heshima za kijeshi, na kaburi lake liko huko hata leo.

Baadaye kombania ya M ilishuka kisiwani kuwa walinzi, na nafasi yao ndani ya Tidespring ikatwaliwa na mateka: askari na mabaharia wa Argentina, pamoja na mafundi waliokuwa wamekuja kuvunja vyuma vikuukuu vya vituo vya nyangumi, jumla yao zaidi ya watu 180. Merikebu haikujengwa kuwa gereza. Haikuwa na vyumba vya watu wengi hivyo, nao walisafiri kutoka barafu mpaka joto la karibu na ikweta wakilindwa na askari wachache. Walifika Ascension tarehe 12 Mei, wakasafirishwa kwa ndege mpaka Uruguay, na kutoka huko wakarudi kwao. Vita yenyewe katika Falkland ilikuwa haijafikia kilele chake. Watu hawa walirudi kwa mama zao majuma kadhaa kabla wenzao wengi hawajafa. Katika yote aliyoyabeba Tidespring miaka yake yote, shehena hiyo ndiyo tunayoiona kuwa bora.

Wala asidhani mtu kwamba watumishi wa RFA waliponea wote mbali na moto. Tarehe 8 Juni 1982 ndege za Argentina zilizipiga merikebu mbili za kundi hilo, Sir Galahad na Sir Tristram, zikiwa zimetia nanga karibu na Fitzroy. Katika Sir Galahad pekee walikufa watu 48. Wengi walikuwa askari, lakini mabaharia nao walikuwamo, na miongoni mwao Wachina wa Hong Kong, watu waliokuja kutafuta mshahara, wakafa katika ugomvi wa visiwa ambavyo pengine hawakuwahi kuvisikia.

Tidespring iliendelea na kazi hata mwaka 1991, ikaondolewa. Jina lake halikupotea. Waingereza waliagiza merikebu nne mpya za ukoo wa Tide mwaka 2012, kwa bei ya pauni milioni 452, nazo hazikujengwa tena kando ya mto Tyne bali Korea ya Kusini. Ya kwanza yao, Tidespring mpya ya tani 39,000, iliingia kazini mwezi wa Novemba 2017. Chuma kilipatikana, fedha zilipatikana, lakini watu hawakutosha. Mishahara ilikuwa imebaki nyuma kwa miaka mingi, mabaharia wakaondoka mmoja mmoja, na merikebu kadhaa za RFA zikalazwa bandarini kwa kukosa wa kuziendesha. Mwaka 2024 mabaharia, na maofisa pamoja nao, waligoma.

Ama ile ya zamani, mwaka 1992 ilipelekwa Alang, katika Gujarat ya Bara Hindi, nchi walikotoka wengi wa Wahindi wenye maduka katika miji yetu. Alang hakuna gudi wala gati. Kuna ufuko mpana, na bahari ijaayo sana. Merikebu zilizochoka hungojewa bamvua, zikaendeshwa kwa nguvu zote juu ya matope, na maji yakiisha kupwa, watu huja kwa miguu na mioto yao ya kukatia chuma, wakazikata kuanzia omo. Vipande huchukuliwa hata nchi kavu, na vingi vyavyo, kwa mabega ya wapagazi.